Droo ya Wimbledon nyuma ya kalenda

Anayetaka kombe la Wimbledon, mashindano ya tenisi ya London, asubiri tarehe 12 na 13 Julai. Mimi Wimbledon yangu ni hii wiki ya kwanza, na leo Ijumaa asubuhi, tarehe 4 Julai 2025, ninapoandika, sehemu kubwa ya utamu tumeshaila. Jumatatu kulikuwa na majina 128 ya wanaume na 128 ya wanawake. Kufika Jumanne usiku, nusu yao walikuwa wanafungasha mabegi. Hakuna wakati mwingine mashindano yale yatakapofukuza watu wengi kwa mpigo, na kila anayefukuzwa ana kocha wa kumlipa na nauli ya kutafuta.

Naifuata kwa namba tupu. Kibanda changu cha wakala kiko Ngamiani, Tanga, barabara ya 12, na pale nina simu mbili: ya kazi, ambayo haichezewi, na yangu, ambayo bando lake halivumilii video. Nyumbani king'amuzi kipo ila kina mwenyewe, shemeji yangu. Shemeji anaamini mchezo usio na Simba wala Yanga ni mazoezi ya viungo, na sasa hivi Simba na Yanga wakiwa wamepumzika ana Kombe la Dunia la Vilabu. Kwa hiyo nafungua programu ya matokeo, ile inayoonyesha pointi, gemu na seti zikibadilika, basi. Pointi zinajenga gemu, gemu zinajenga seti, na mwanamume anapita kwa seti tatu, mwanamke kwa mbili. Picha hakuna, sauti hakuna. Pembeni nina kalenda ya mwaka jana, zile kubwa za ukutani ambazo nyuma ni nyeupe. Nimepiga mistari kwa rula, nikaandika droo nzima, yaani nani anakutana na nani mpaka fainali, kwa penseli, wanaume karatasi yao na wanawake yao. Mteja akija kutoa hela naifunika na daftari.

Kuchora droo kanifundisha mzee. Baba alipokuwa mtoto aliokota mipira kwenye klabu ya mameneja wa mkonge, huko mashambani, kwa senti kidogo na chai. Anasema kazi ilikuwa nyepesi mpaka mpira uruke uzio. Ukishaingia kwenye mkonge, unaufuata wewe na miiba unaijua wewe. Alijua kuhesabu pointi za tenisi kabla hajajua kusoma saa. Na mzee ni mashoto. Shuleni walimchapa mpaka akaandikia mkono wa kulia, lakini raketi hakuna aliyemkataza, kwa hiyo kila mwaka droo ikitoka jambo la kwanza ananiuliza mashoto wangapi, wako wapi, nani kapangwa na nani. Niwawekee nyota. Hao ndio timu yake, awe Mcheki, awe Mmarekani, hajali.

Wakati huu wa mwaka London iko nyuma yetu kwa saa mbili. Viwanja vya pembeni vinaanza saa saba mchana kwa saa zetu, Centre Court, uwanja mkuu, saa tisa na nusu, na huko kuna marufuku ya kucheza kupita saa tano usiku yao, yaani saa saba usiku huku. Mwajiriwa wa ofisini hawezi kuifuata hii vizuri. Wakala anaweza.

Jumatatu ilikuwa siku ya ufunguzi yenye joto kuliko zote katika historia ya Wimbledon, nyuzi zaidi ya 30. Mtu wa Tanga ukimwambia nyuzi 32 anakuuliza upepo unatoka wapi, ila wale hawakuzoea. Ons Jabeur wa Tunisia, aliyecheza fainali pale mwaka 2022 na 2023, alipoteza seti ya kwanza kwa taibreki, ile gemu ya kuamua seti ikifika 6-6, mbele ya Viktoriya Tomova wa Bulgaria. Ya pili ikafika 0-2, halafu kando ya jina lake likatokea neno la kujitoa. Namba hazielezi. Ilibidi nisome baadaye kwamba alikuwa akitibiwa tangu seti ya kwanza na kwamba alionekana akilia.

Siku hiyo hiyo Carlos Alcaraz, bingwa wa 2023 na 2024, alipangiwa Fabio Fognini, Mwitaliano wa miaka 38. Kwa macho ya kalenda yangu ilikuwa mechi ya kuisha kabla sijafunga kibanda. 7-5, 6-7, 7-5, 2-6. Nilifunga, nikapanda bajaji, nikafika nyumbani, nikaswali magharibi, bado wanacheza. Seti ya tano Alcaraz yuko mbele 3-0, namba zikaganda. Nikazima data nikawasha. Nikasogea dirishani. Zimeganda vile vile. Nikawasema watu wa mtandao maneno ambayo baada ya swala hayafai. Kumbe mtazamaji mmoja alizidiwa na joto kule jukwaani, na Alcaraz mwenyewe ndiye aliyekimbia kumpelekea chupa ya maji. Mchezo ulisimama kama robo saa. Waliporudi akamaliza 6-1, na jumla ya mechi ikawa saa 4 na dakika 37. Fognini kashindwa, lakini kwenye karatasi yangu jina lake nimelifuta kwa mstari mwembamba, bado linasomeka.

Usiku huo sikulala mapema, kwa ajili ya Taylor Fritz na Giovanni Mpetshi Perricard. Huyu wa pili ni Mfaransa, baba yake anatoka Cameroon na mama Benin, urefu mita 2 na sentimita 3, na sevisi yake, pigo la kuanzisha pointi, ni ya kuombewa dua. Mwanzoni mwa mechi alipiga moja ya kilomita 246 kwa saa, ya kasi kuliko zote zilizowahi kupimwa Wimbledon. Fritz akairudisha, na pointi akaichukua yeye! Kwenye simu yangu rekodi nzima ilionekana ni pointi moja ya Fritz, imepita. Kijana alibeba seti mbili za kwanza kwa taibreki, akapoteza ya tatu, na kwenye taibreki ya seti ya nne alikuwa anaongoza 5-1. Zimebaki pointi mbili tu ashinde mechi. Fritz akaipindua. Seti mbili kwa mbili, saa sita na dakika 18 usiku huku kwetu, wakasimamishwa, maana marufuku ilikuwa inakaribia na seti ya tano isingeisha. Jumanne wakarudi, Fritz akachukua 6-4. Jumatano akapanda tena uwanjani na Gabriel Diallo wa Canada, seti tano nyingine, akapita.

Sasa Jumanne. Nilivunja penseli Jumanne.

Wimbledon huwapangia namba wachezaji 32 wa kila upande ili wakubwa wasikutane mapema. Mwaka huu 23 kati yao wametoka raundi ya kwanza, wanaume 13 na wanawake 10. Jumatatu ilikuwa imeanza kwa Daniil Medvedev kutolewa na Benjamin Bonzi, na Holger Rune aliyekuwa mbele seti mbili bila akalala mbele ya Nicolas Jarry. Jumanne mvua yenyewe ya kutolewa ikashuka. Jessica Pegula, namba 3, alikuwa amebeba kombe la Bad Homburg, Ujerumani, Jumamosi, tena kwa kumfunga Iga Swiatek. Jumanne Elisabetta Cocciaretto kamtoa kwa dakika 58. Nilimhudumia mama mmoja aliyekuwa anatuma ada ya mtoto, jina likakosewa, tukaanza upya, kuinua kichwa Pegula hayupo. Zheng Qinwen, namba 5, katolewa na Katerina Siniakova. Lorenzo Musetti katolewa. Na usiku Coco Gauff, namba 2, ambaye tarehe 7 Juni alikuwa ameshika kombe la Paris, kaanguka kwa Dayana Yastremska 7-6, 6-1.

Watu wakiona hivyo husema mchezo hautabiriki. Mimi nasema angalia nyasi za viwanja vya Wimbledon. Zinakatwa zibaki milimita 8, siku za mwanzo bado ni mbichi na zinateleza, na mpira ukidunda hauinuki, unakuja chini na kwa haraka. Gauff ametoka kwenye udongo wa Paris, udongo unaomwachia mtu muda wa kufika na kujipanga, akapewa wiki tatu za kubadilisha miguu. Katika hizo wiki tatu alicheza mechi moja tu kwenye nyasi, Berlin, na aliipoteza. Yastremska anapiga bapa na kwa nguvu, mpira wake ukigusa nyasi umeshapita. Ukiyajua hayo, ile 6-1 ya mwisho haishangazi sana. Inauma tu, maana nilikuwa nimemwandika Gauff mpaka nusu fainali. Penseli ndiyo hiyo.

Alexander Zverev ndiye aliyenisikitisha. Namba 3, alianza Jumatatu na Arthur Rinderknech, giza likawakuta, wakamaliza Jumanne: seti tano, taibreki tatu, nje. Baadaye aliwaambia waandishi kwamba anajisikia mpweke sana, si uwanjani tu, katika maisha. Shemeji alisikia nikimsimulia mke wake, akauliza mtu mwenye hela zile anapwekaje. Sikumjibu. Mimi nashika hela za watu kutwa nzima na nimeona nyuso za wanaotoa nyingi.

Tukizungumzia hela, hapa ndipo raundi ya kwanza inaponishika. Aliyetolewa raundi ya kwanza mwaka huu anaondoka na pauni 66,000, kwa bei ya sasa ni zaidi ya milioni 200 za kwetu. Ya pili 99,000. Ya tatu 152,000. Bingwa milioni 3. Msomaji ataona 66,000 ni utajiri wa bure kwa kucheza siku moja, lakini mchezaji wa namba 110 au 150 duniani hana mshahara. Ndege anajilipia, hoteli anajilipia, kocha na mtu wa kumkanda misuli anawalipa yeye, na mashindano madogo anayocheza mwaka mzima hayarudishi hata nauli. Kwa mtu huyo kuingia kwenye hii droo ya 128 ndiyo bajeti ya mwaka. Alcaraz akipita raundi ya kwanza anabakisha ndoto ya kombe. Mtu wa 110 akipita, ameongezewa 33,000, na msimu ujao kocha anabaki. Nikiangalia 5-5 ya seti ya tano kati ya majina mawili ambayo hakuna anayeyajua, naona hiyo 33,000 imesimama katikati ya wavu.

Halafu kuna Oliver Tarvet, ambaye hesabu yake inanichekesha na kunikera. Mwingereza wa miaka 21, namba 733 duniani, anasoma chuo kikuu cha San Diego kule Marekani. Alipita mchujo wa kuingia Wimbledon, unaochezwa Roehampton, akashinda raundi ya kwanza seti tatu kavu, na Jumatano akapelekwa Centre Court kwa Alcaraz. Kafungwa 6-1, 6-4, 6-4, na zile 6-4 ukizitazama gemu kwa gemu si za mtu aliyekwenda kupiga picha. Nafasi za kumnyang'anya Alcaraz sevisi alizipata. Pauni 99,000 ni haki yake, ila sheria za michezo ya vyuo vya Marekani hazimruhusu kuzibeba zote kama anataka kuendelea kuchezea chuo. Anaruhusiwa gharama zake na kiasi kidogo juu yake. Nilimweleza hili kijana wa bodaboda anayeegesha mbele ya kibanda. Akaniuliza, "Dada, sasa hiyo salio inakaa kwa wakala gani?"

Kwa wanawake kuna sehemu kwenye karatasi yangu ambayo imefutwa mpaka imetoboka. Niliandika Potapova, nikafuta, nikaandika Mboko. Victoria Mboko ana miaka 18, ni Mkanada, wazazi wake walihama kutoka Kongo. Alipoteza raundi ya mwisho ya mchujo, kwa maana nyingine alikuwa ameshatolewa, halafu Anastasia Potapova akajitoa na nafasi ikamwangukia. Akaingia, akamtoa Magdalena Frech aliyepangiwa namba 25, 6-3, 6-2, utadhani ndiye aliyealikwa kwa kadi. Raundi ya pili kakutana na Hailey Baptiste wa Marekani, seti ya kwanza wakavutana mpaka taibreki, akaikosa, ikawa basi.

Nilimpigia mzee, akaniuliza, "Ndiye yule wa mtoto wa Nairobi?" Ndiye. Julai 2022, fainali ya wasichana wawili wawili pale pale Wimbledon: Angella Okutoyi wa Kenya na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, upande wa pili Wakanada wawili, Kayla Cross na huyu Mboko. Seti ya kwanza Wakanada 6-3, ya pili akina Okutoyi 6-4, na taibreki ya kuamua 11-9. Mkenya wa kwanza kubeba taji la vijana kwenye mashindano makubwa manne ya tenisi, Wimbledon ikiwa mojawapo. Mzee siku ile aliagiza soda kwa watu ambao hawakujua wanasherehekea nini. Okutoyi baadaye alikwenda kusoma na kucheza chuo cha Auburn, Alabama, na mwaka 2024 akachukua dhahabu ya Michezo ya Afrika kule Accra. Kwenye majina 128 ya mwaka huu hayumo. Mboko yumo. Sikubali mtu aniambie tofauti ni kipaji. Kipaji kilipimwa, kikatoka 11-9. Canada wana kituo cha taifa cha tenisi Montreal chenye makocha na viwanja vya ndani, na mchezaji wa Nairobi ili apate pointi za kupanda namba inabidi alipe nauli ya kwenda walikozificha. Basi niliandika jina la Mboko kwa kukandamiza, kwa ajili ya wote wawili.

Jambo moja limemkasirisha mzee kuliko yote. Mwaka huu Wimbledon wamewaondoa waamuzi wa mstari, wale waliokuwa wanainama mikono magotini. Sasa ni kamera, na sauti iliyorekodiwa ndiyo inayosema mpira umetoka. Australia walianza hivyo 2021. Katika yale makubwa manne Paris peke yake imebaki na watu, kwa kuwa udongo unaacha alama na mwamuzi anaweza kushuka kuitazama. Mimi naona ni haki, mashine haina mjomba. Mzee anasema, "Sasa mchezaji atamkasirikia nani?" Nikamwambia atazoea. Akasema yeye alikuwa anapenda mtu atoke ndani ya suti ile akosee mbele ya dunia nzima.

Timu yake ya mashoto imepigwa vibaya. Petra Kvitova, bingwa wa 2011 na 2014, amerudi baada ya kujifungua, kaalikwa kwa heshima, na Emma Navarro kamtoa 6-3, 6-1. Ni Wimbledon yake ya mwisho, ameshaaga. Marketa Vondrousova, bingwa wa 2023, Jumatano kafungwa na Emma Raducanu. Jana ikawa zamu ya Jack Draper, namba 4, tegemeo la Waingereza, kwa Marin Cilic wa miaka 36 ambaye goti limefanyiwa upasuaji na ambaye wengi tulishamzika. 6-4, 6-3, 1-6, 6-4. Cilic alicheza fainali hapa 2017. Mzee alinyamaza kwenye simu, akasema tu, "Huyo mrefu hajafa?"

Lakini leo raundi ya tatu inaanza na kuna zawadi yake: Cameron Norrie na Mattia Bellucci, mashoto kwa mashoto. Mmoja lazima apite. Alcaraz ana Jan-Lennard Struff. Naomi Osaka ana Anastasia Pavlyuchenkova. Jioni Raducanu na Aryna Sabalenka, na Sabalenka ndiye pekee aliyebaki kati ya wanawake watano wa juu, kwa sababu Jasmine Paolini naye, namba 4, Jumatano aliwafuata wenzake. Jumatatu itakuwa Saba Saba, raundi ya nne, na shemeji amesema anakwenda Dar kwenye maonyesho. King'amuzi kitabaki yatima, nitakilea.

Na kuna mstari wa raundi ya pili ambao sijaujaza. Ben Shelton, mashoto mwingine, jana usiku alikuwa mbele ya Rinky Hijikata wa Australia 6-2, 7-5, 5-4. Gemu moja imebaki na ya kuanzisha ni yeye. Giza likaingia, wakasimamishwa. Mzee alinipigia saa tano na nusu usiku, mimi nimeshalala: "Mwanangu, dakika mbili tu walikuwa wanahitaji!" Wanarudi leo mchana kwa gemu hiyo moja. Kwa hiyo mwenye hela ya kutoa aje mapema. Kuanzia saa saba floti itakuwepo, akili haitakuwepo.